Mgeni Mwenye Jembe: Je, Ana Neno Barazani?

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii hutumiwa kumkumbusha mgeni asikae kitako akingoja kuhudumiwa. Nikiitazama kutoka Nakivale, naona imeacha swali bila jibu. Mgeni akishapewa jembe, akalima, akavuna, akachimba choo, akapanda migomba na kutoa michango, siku ya nne anapewa nini? Anapewa pia nafasi ya kusema njia ipite wapi na maji yagawanywe vipi? Ama atabaki na jembe mkononi na mdomo umefungwa, mwaka baada ya mwaka, mpaka wajukuu wake nao wazeeke hapo hapo?

Swali hili si la kubuni. Makazi ya Nakivale yalifunguliwa mwaka 1958, kabla Uganda haijapata uhuru. Yako katika wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka Mbarara. Walipita hapa Wanyarwanda waliokimbia kuanzia mwaka 1959, na leo wapo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na Wasudan Kusini. Ni watu zaidi ya 150,000 katika kanda tatu za Base Camp, Juru na Rubondo. Nchi nyingi huwaweka wakimbizi nyuma ya seng'enge. Uganda huwapa kipande cha ardhi, ruhusa ya kufanya kazi na ruhusa ya kutembea. Kwa hiyo sisi jembe tumepewa kweli, si kwa methali tu, na mtu mwungwana hawezi kulitaja jambo hilo bila kushukuru.

Lakini Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, ambayo ndiyo inayotupa haki hizo, inaweka pia mpaka. Mkimbizi anaweza kujiunga na vyama visivyo vya kisiasa. Hapaswi kushiriki shughuli za kisiasa ndani ya Uganda, ziwe za ngazi ya taifa au za ngazi ya mtaa. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya niandike insha hii. Siasa za taifa ninazielewa: nani awe rais, nani aende bungeni, nchi ifungamane na nani. Siasa za mtaa ni zipi? Kuomba taa njiani ni siasa? Kuuliza pesa za ukarabati wa bomba zimekwenda wapi ni siasa? Kumwambia kiongozi kwamba amekosea ni siasa, au ni ujirani tu?

Hoja yangu ni kwamba haki ya kusema juu ya jambo hutokana na kubeba mzigo wa jambo hilo. Anayebeba mzigo ana neno, hata kama hana kura. Nasema neno kwa makusudi, wala silichanganyi na kura. Kura ni uwezo wa kumweka na kumwondoa mtawala. Neno ni haki ya kusikilizwa kabla uamuzi haujafanywa, na kujibiwa baada ya kusema. Taifa linaweza kuwa na sababu nzuri za kumnyima mgeni kura. Sijaona bado sababu nzuri ya kumnyima neno.

Uganda ina historia inayoweza kuisaidia kulielewa swali hili kuliko nchi nyingi. Wakati wa vita vya msituni, kati ya mwaka 1981 na 1986, wapiganaji wa NRA walianzisha mabaraza ya vijiji yaliyojulikana kwa jina la RC. Baadaye yalienea nchi nzima. Watu wazima wote wa kijiji walikuwa wajumbe, nao walichagua kamati ya watu 9. Leo mabaraza hayo yanaitwa LC, kuanzia LC1 ya kijiji mpaka LC5 ya wilaya. Wazo lilikuwa kwamba mambo ya kijiji yaamuliwe na wanaoishi kijijini, si na chifu aliyeletwa kutoka juu. Tarehe 10 Julai 2018, raia walipochagua viongozi wa LC1, walipanga mstari nyuma ya mgombea waliyemtaka, na kila mtu aliona nani yuko nyuma ya nani. Mkimbizi naye aliona, akiwa amesimama kando ya njia.

Sisi tuna Baraza la Ustawi wa Wakimbizi, linaloitwa RWC, lenye ngazi tatu zilizofuata mfano wa LC. Viongozi wake tunawachagua wenyewe. Hata hivyo baraza hili halikusanyi kodi wala halitungi sheria ndogo. Kazi yake kubwa ni kubeba habari: kutoka kwa watu kwenda Ofisi ya Waziri Mkuu, ambayo sisi tunaiita OPM tu, na kwa mashirika, halafu kutoka huko kurudi kwa watu. Mara nyingi habari zinazokwenda ni maombi na zinazorudi ni matangazo. Watu wamesikilizwa, lakini hawajajibiwa. Kusikilizwa bila kujibiwa ni nusu ya neno.

Nitoe mfano kutoka kijiji nilichokulia. Tulikuwa na bomba la maji karibu na mpaka wa makazi, likitumiwa na wakimbizi upande huu na wenyeji upande ule. Kiangazi kimoja liliharibika. Mwenyekiti wetu wa RWC aliandika barua kwenda ofisi moja, na mwenyekiti wa LC1 wa upande wa pili akaandika kwenda ofisi nyingine. Kila ofisi ilisema kazi hiyo ni ya mwenzake. Wiki zilipita watu wakibeba madumu kutoka mbali. Mwishowe akina mama wa pande zote mbili walikaa chini ya mti, wakahesabu nyumba, wakapanga kila nyumba itoe shilingi ngapi, wakamtafuta fundi. Katika kikao hicho mzee mmoja mwenyeji alisema kwa upole kwamba wageni watoe pesa lakini kiwango kipangwe na wenye nchi. Mama mmoja Mkongo akamjibu, "Mzee wetu, mimi nakuheshimu. Lakini dumu ninalobeba kichwani halijui kama mimi ni mgeni." Watu walicheka, mzee naye akacheka, na kiwango kikapangwa na wote.

Je, kikao kile kilikuwa siasa? Kulikuwa na pesa za watu wengi, kulikuwa na maslahi yanayogongana, na kulikuwa na uamuzi uliomfunga hata asiyeupenda. Kama hiyo si siasa, basi sijui siasa ni nini. Lakini hakuna mtu mwenye akili ambaye angependa akina mama wale wakamatwe. Hapo ndipo inapoonekana kwamba mpaka kati ya siasa na maendeleo, ambao tunauzungumzia kana kwamba ni ukuta, ni mstari uliochorwa mchangani. Tukikubaliana tunasema ni maendeleo. Tukianza kupingana mtu husema ni siasa. Kwa maneno mengine, mkimbizi anaruhusiwa kukubali, ila kukataa kwake ndiko kunakohesabiwa kuwa ni siasa. Neno linaloruhusiwa kukubali tu si neno.

Jambo hili ni la zamani. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki, alifundisha kwamba raia ni yule anayeshiriki katika kuamua na kuhukumu mambo ya mji. Lakini yeye mwenyewe alizaliwa Stagira, si Athens. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi Athens kama mgeni mkaazi. Wageni wa namna hiyo walilipa kodi maalumu, na walihitaji raia wa kuwadhamini, lakini hawakuwa na sauti katika mkutano wa mji. Kwa hiyo mtu aliyewaeleza watu wa Athens maana ya uraia hakuwa na uraia wao. Walikubali kupokea fikra zake kuhusu mji wowote ulimwenguni, isipokuwa kura yake kuhusu mji alimoishi. Mimi nasoma mfano huo kama onyo: mji unaweza kutumia kichwa cha mgeni, mikono yake na kodi yake, na bado ukamwona hayupo.

Sasa nizitazame hoja za upande wa pili, kwa sababu zipo na zina uzito.

Ya kwanza ni hoja ya shukrani. Wengine, wakiwemo wazee wetu wenyewe, husema mgeni aliyepokelewa vizuri anyamaze. Naiheshimu adabu iliyo ndani ya wazo hilo, lakini nadhani linachanganya shukrani na ukimya. Mgeni anayeona paa la mwenyeji wake linavuja akanyamaza, hamheshimu mwenyeji. Anamwacha alowe. Shukrani ya kweli huonekana katika namna ya kusema: kwa heshima, kwa ushahidi, mbele ya mtu na si nyuma yake.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo ni hofu ya wenyeji. Isingiro ni wilaya ya wakulima na wafugaji, na ardhi ni uhai. Kuna migogoro ya muda mrefu kuhusu mipaka ya makazi, na kuna mahali ambapo wakimbizi ni wengi kuliko wenyeji. Mwenyeji anauliza: hawa wakipewa sauti, si watatumeza? Hofu hiyo si chuki. Mtu aliyewapokea wengine hapaswi kuamka siku moja akakuta ameshindwa kwa kura katika kijiji cha babu yake. Ndiyo maana nimetenga neno na kura. Neno halihesabiwi vichwa. Watu 10 wenye hoja nzuri wanaweza kusikilizwa kuliko watu 1,000 wenye kelele. Tena mwenyeji wa Nakivale naye mara nyingi hana neno katika mipango inayotengenezwa na mashirika juu ya ardhi iliyo karibu na nyumba yake. Kanuni yangu inamtetea yeye pia. Barabara inayochakazwa na malori ya misaada ni mzigo wake, kwa hiyo ana neno juu ya malori hayo.

Hoja ya tatu ni ya usalama: nyamaza, utaishi salama. Historia ya eneo hili inatoa jibu la kusikitisha. Mwezi wa Oktoba 1982, katika wilaya ya Mbarara ya wakati ule, viongozi wa maeneo na vijana wa chama tawala cha UPC walianza kuwafukuza watu wa asili ya Rwanda. Makumi ya maelfu walikimbilia makazi ya wakimbizi au mpaka wa Rwanda. Miongoni mwao walikuwemo wakimbizi wa miaka ya 1959 na 1960, na pia raia wa Uganda. Hakuna aliyewatenganisha kwanza waliojishughulisha na siasa na wale waliokuwa wakichunga ng'ombe wao kimya kimya. Ukimya haukuwakinga. Kinachomkinga mtu kwa kweli ni majirani wanaomjua, waliokaa naye katika vikao na kugombana naye kuhusu bomba wakapatana. Ni vigumu kumfukuza mtu ambaye jana ulipanga naye zamu ya kusafisha mfereji.

Je, neno lina kikomo? Ninaamini linacho, na kipimo chake ni ule mzigo wenyewe. Kadiri jambo linavyogusa maisha ya kila siku ya mtu, ndivyo neno lake linavyopaswa kuwa na uzito: maji, njia, shule, zahanati, ulinzi wa usiku, mgao wa chakula. Mwaka 2023 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, kwa sababu ya upungufu wa fedha, lilianza kuwagawa wakimbizi wa Uganda katika makundi kulingana na uhitaji. Hakuna baraza la kijiji linaloweza kumaliza upungufu wa fedha. Lakini swali la nani hasa ni mhitaji, nani ana mgonjwa ndani, nani analea watoto wa marehemu ndugu yake, kijiji kinalijua kuliko karatasi. Hapo neno la wanaobeba mzigo ni elimu, na kulipuuza ni kuchagua kutojua. Mambo yaliyo mbali zaidi, kama katiba na uongozi wa nchi, nakubali kwamba ni ya raia.

Lakini muda nao hubadilisha mzigo. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, inapoeleza uraia wa kuandikishwa, inamwacha nje mtu aliyezaliwa Uganda ikiwa mzazi au hata babu au bibi yake alikuwa mkimbizi. Mjukuu ambaye hajavuka mpaka wowote anarithi ugeni wa babu yake kama mtu anavyorithi deni. Ugeni ni tukio katika maisha ya mtu. Haupaswi kuwa ukoo. Afrika Mashariki yenyewe ina mfano mwingine: mwaka 2010 Tanzania iliamua kuwapa uraia Warundi wapatao 162,000, waliokimbia mwaka 1972 pamoja na watoto wao, wakiishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Na huko Ireland, wakaazi wasio raia huruhusiwa kupiga kura katika uchaguzi wa serikali za mitaa. Sisemi Uganda inakili nchi hizo. Nasema tu kwamba kuna njia zaidi ya moja.

Mpaka hapa nimezungumza juu ya makazi. Mjini hali ni ngumu zaidi, ingawa haionekani. Mbarara ilipata hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, na wakimbizi wengi hutoka Nakivale kwenda huko kusoma, kufanya biashara ndogo, kushona nguo, kuendesha boda boda. Ndani ya Nakivale mkimbizi ana RWC. Akipanga chumba mjini anaiacha nyuma, lakini kura ya LC1 haipati. Anachopata kwa mwenyekiti wa LC1 ni barua ya utambulisho, ambayo huihitaji katika mambo mengi. Inanikumbusha wale wageni wa Athens na wadhamini wao. Kodi ya nyumba analipa, ushuru wa soko analipa, na mvua ikinyesha, mfereji uliozibwa na taka humwaga maji machafu mlangoni kwake sawasawa na kwa jirani yake raia. Wengi hujibu kwa kujifunga: wana kanisa lao, msikiti wao, kikundi chao cha kuweka na kukopa, na mtaa hauwahusu. Siwalaumu. Mtu asiyeulizwa huzoea kutojali. Hasara, hata hivyo, ni ya jiji zima, kwa sababu mtaa wenye nusu ya watu wasiojali hauwezi kuwa safi wala salama.

Hata maumbile hayakubaliani na mgawanyo wetu. Mto Rwizi hupita Mbarara, kisha maji yake huingia katika mfumo wa maziwa na maeneo oevu ya Mburo na Nakivale. Uchafu unaotupwa mtoni jijini, na miti inayokatwa kando ya ziwa na sisi wa makazini, ni vitabu viwili vya hesabu moja. Mwenyekiti wa mtaa Mbarara anafanya uamuzi unaomgusa mama wa Nakivale anayechota maji, bila yeye kujua. Naye mama huyo akifyeka kingo za ziwa apate kulima, anamgusa mvuvi mwenyeji ambaye hakumwuliza. Wote wawili wanabeba mzigo wa uamuzi wa mwenzake, na hakuna baraza hata moja linalowakutanisha.

Kanuni hii isiwe upanga wa kumnyooshea mwenyeji peke yake. Inatukata sisi pia. Ndani ya Nakivale sisi tunaozungumza Kiswahili ni wengi, na mikutano mingi hufanyika kwa lugha yetu. Mwethiopia au Msudan Kusini hukaa nyuma akitazama midomo yetu. Anabeba mzigo uleule, lakini neno lake linasubiri mkalimani ambaye huenda hakuja. Vijana na wanawake nao hujaza viti vya mkutano huku wazee wachache wakijaza dakika. Tukimwambia mwenyeji kwamba idadi isimnyime mtu neno, tuseme hivyo hivyo na katika mikutano yetu. Vilevile anayetaka kusikilizwa ajifunze Runyankore angalau ya salamu na ya mashauriano, atoe mchango wake kwa wakati, na akubali kushindwa katika kikao bila kusema amebaguliwa kila mara.

Ninachopendekeza ni kidogo. Pale ambapo kitu kinatumiwa na pande mbili, iwe ni bomba, zahanati, soko au njia, mwenyekiti wa LC1 na wa RWC wafanye kikao kimoja cha watumiaji wote, na maamuzi yaandikwe na kusomwa kwa lugha zinazoeleweka. Mjini, mwenyekiti wa LC1 anapoitisha mkutano wa usafi au ulinzi, awaite wakaazi wote, si wapiga kura peke yao, na kila swali lililoulizwa lijibiwe katika mkutano unaofuata, hata kama jibu ni hapana. Hayo hayahitaji kubadilisha katiba. Yanahitaji tu mtu akubali kwamba yule anayechota maji pamoja naye anaweza kuwa na wazo zuri kuhusu maji hayo.

Najua kuna watakaosema kwamba neno bila kura ni kitu dhaifu, na siku ya shida halitasaidia. Inawezekana. Lakini kura nazo huzaliwa kutokana na maneno. Kabla watu hawajakubali kumhesabu mtu, hubidi kwanza wazoee kumsikia.